Mtoano unawanyima watoto wa Songwe mechi ya pili

Jumapili ya Januari 21, 2024, Taifa Stars walicheza na Zambia mjini San Pedro, Ivory Coast, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Mpira ulianza saa 2 usiku Tunduma na saa 1 usiku Nakonde, upande wa Zambia, maana ukivuka mpaka unarudishiwa saa nzima bila kulipia ushuru. Dakika ya 11 Simon Msuva akafunga. Kabla ya mapumziko mchezaji mmoja wa Zambia akala kadi nyekundu. Tangu ishiriki fainali hizo kwa mara ya kwanza mwaka 1980, Tanzania haikuwa imeshinda hata mechi moja, na sasa ilikuwa na bao kibindoni, mtu mmoja wa ziada uwanjani, na saa inakwenda. Dakika ya 88 Patson Daka akapiga kichwa. Moja moja.

Sidhani kama kuna mji wa Tanzania uliolionja bao lile kama Tunduma. Kwingine ulizima televisheni ukalala. Tunduma unaamka asubuhi, unafungua duka, na mteja wako wa kwanza ana noti za kwacha na tabasamu.

Vijiweni maelezo yalikuwa yaleyale ya siku zote: uzembe wa dakika za mwisho, bahati mbaya, wenzetu wana kitu. Mimi nina maelezo makavu zaidi. Zambia walianza vibaya, wakapungukiwa mtu, lakini walikuwa bado na dakika za kuchezea, wakazitumia. Wahenga walisema kutangulia si kufika. Methali hiyo inafanya kazi pale tu ambapo njia ingali ndefu. Ukimkatia njia aliyechelewa kuanza, aliyetangulia ndiye atakayefika kila siku.

Na ndivyo tunavyoendesha michezo ya watoto mkoani Songwe, na kwa kweli karibu nchi nzima. Tunawakatia njia.

Nitaanzia mbali kidogo, Goa, India, Oktoba 12, 2022. Siku hiyo Serengeti Girls walicheza mechi yao ya kwanza ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17. Kabla yao hakuna timu ya soka ya Tanzania, ya wakubwa wala ya watoto, ya wanaume wala ya wanawake, iliyokuwa imekanyaga Kombe la Dunia la FIFA. Walifika huko kwa kuitoa Cameroon: 4-1 kwao Yaoundé, kisha 1-0 Zanzibar. Kwa hiyo walikwenda India wakiwa na sifa. Japan wakawachapa 4-0.

Aliyewahi kukaa kwenye kibanda umiza anajua kinachosemwa baada ya nne bila. Kwamba tumepeleka watoto kutalii. Kwamba heri nafasi ile wangepewa wengine. Kwamba mpira wa wasichana ni huo. Siku tatu baadaye, Oktoba 15, watoto walewale, chini ya kocha yuleyule Bakari Shime, wakakutana na Ufaransa. Diana Mnali akafunga dakika ya 16. Kipindi cha pili Christer Bahera akaongeza kwa penati. Ufaransa wakarudisha moja, wakabisha hodi mpaka mwisho, mlango haukufunguliwa: 2-1. Siku tatu nyingine, Kanada. Kanada wakatangulia, Veronica Mapunda akasawazisha, ikaisha 1-1. Hesabu ya kundi ikasema Tanzania pointi nne, Kanada mbili, Ufaransa moja. Serengeti Girls wakaingia robo fainali, wakatolewa na Colombia 3-0, na Colombia hao wakaenda mpaka fainali.

Sasa fikiria mashindano yale yangeendeshwa kama tunavyoendesha kombe la kata. Aliyefungwa anakwenda nyumbani. Serengeti Girls wangepanda ndege Oktoba 13 wakiwa na kumbukumbu moja tu, nne bila, na sisi tungeandika makala ndefu kuhusu udhaifu wa mtoto wa Kitanzania mbele ya Mjapani. Hakuna ambaye angejua kwamba ndani ya timu ileile kulikuwa na ushindi dhidi ya Ufaransa unaosubiri siku tatu tu. Vipaji, moyo na kocha walikuwa walewale. Kilichowapa nafasi ya kujulikana ni ratiba ya makundi iliyowalazimisha kurudi uwanjani.

Majirani zetu wa ng'ambo ya Nakonde wana kisa kinachofanana. Kwenye Kombe la Dunia la wanawake la mwaka 2023 Zambia walipigwa 5-0 na Japan haohao, kisha 5-0 na Hispania. Mabao kumi bila jibu. Mechi ya tatu, wakiwa wameshatolewa, waliifunga Costa Rica 3-1, ushindi wao wa kwanza kwenye fainali hizo. Mechi ya tatu! Kwetu Songwe ni watoto wangapi wanaofika mechi ya tatu?

Tutazame kalenda ya mtoto wa shule ya msingi anayependa mpira, tuseme wa Sogea au wa Mpemba. Shuleni kuna UMITASHUMTA. Ni mashindano mazuri, nayaheshimu, na wapo Watanzania wengi waliotajwa redioni kwa mara ya kwanza kwa sababu yake. Ila muundo wake ni wa ngazi: shule zinakutana katani, kata inachagua, wilaya inachagua, mkoa unaunda kombaini, kombaini inasafiri kwenda fainali za taifa, Mtwara mwaka 2021, Tabora miaka kadhaa iliyofuata. Kila ngazi idadi inapungua. Yote hayo yanasukumwa ndani ya wiki chache za kuelekea Juni. Mtoto aliyecheza vibaya asubuhi moja katani, pengine kwa sababu alitembea kwa miguu kufika uwanjani, pengine kwa sababu alivaa njumu za kuazima kwa mara ya kwanza, amemaliza msimu. Msimu! Wa pili utakuja mwakani, akiwa darasa jingine, huenda na mwalimu mwingine.

Nje ya shule kuna makombe. Huyu diwani ametoa jezi, yule mfanyabiashara ametoa mbuzi, mgombea katoa ng'ombe, na mwaka wa uchaguzi ng'ombe wanazaana kwa kasi ya ajabu. Makombe haya karibu yote ni ya mtoano. Ya siku moja, yale ya bonanza, ndiyo makali zaidi: vipindi vinafupishwa ili timu zote zicheze kabla ya jua kuzama, na sare inakwenda moja kwa moja kwenye matuta. Timu ya watoto inayoanza taratibu haina nafasi kabisa humo. Inapoanza kuelewa kwamba winga wa wenzao anatumia mguu wa kushoto tu, filimbi imelia.

Na watoto wengi huanza taratibu. Hili kila kocha wa watoto atakuambia. Mkubwa akiingia uwanjani ameshajipasha misuli na ameshaambiwa mpinzani ni nani. Mtoto wa miaka 12 anaingia akitazama mama yake kasimama wapi. Dakika kumi za kwanza anacheza na hofu, kumi zinazofuata anacheza na mpira, na ndipo anaanza kucheza na wenzake. Juni na Julai, Tunduma na Mbozi, ongeza baridi. Tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na upepo wa asubuhi hauna adabu. Kipa mwenye vidole vilivyokufa ganzi anaruhusu bao la mapema ambalo saa nane mchana angelidaka akiwa amefumba macho.

Nimetaja baridi, niseme na barafu, maana kisa ninachokipenda kuliko vyote katika mambo haya kinatoka Nairobi. Kuna hoteli iitwayo Panari, barabara ya Mombasa, iliyojengewa ndani yake uwanja mdogo wa barafu. Wakenya wakajifunzia hapo mpira wa magongo wa barafuni, wakaunda timu, wakajiita Ice Lions, wakaanza kuwafundisha na watoto. Walikuwa na kila kitu isipokuwa mpinzani. Afrika Mashariki nzima hakukuwa na timu nyingine ya mchezo huo, wakawa wanacheza wao kwa wao, wiki baada ya wiki. Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Kanada, Tim Hortons, ikawasafirisha mpaka Kanada ili wapate timu ya kucheza nayo, na nyota wawili wa ligi kubwa ya kule, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wakavaa jezi za Kenya na kuingia nao uwanjani. Dunia ikaitazama filamu fupi ya safari hiyo ikatokwa na machozi. Mimi nilichokiona humo ni watu waliovushwa bahari kutafuta kitu ambacho mtoto wa Tunduma anacho mtaa wa pili: mtu wa kushindana naye. Tunduma, Mlowo, Vwawa, Chapwa, kote huko kuna timu za chandimu zisizo na idadi. Wapinzani tunao bwerere. Tunawatumia mara moja kwa mwaka halafu tunawaaga.

Mchezo wenyewe wa barafuni, kwa bahati, umegawanywa katika vipindi vitatu vya dakika 20. Timu iliyoanza vibaya inakwenda chumbani mara mbili kabla ya mambo kuisha. Laiti mpira wetu wa watoto ungekuwa na huruma hiyo.

Watanzania tunaijua vizuri raha ya kupindua meza, tena hapa mpakani tunaijua kwa namna ya pekee. Desemba 2018 Simba walifungwa 2-1 na Nkana ya Zambia kule Kitwe. Siku nane baadaye, Desemba 23, wakarudiana Dar es Salaam, na Nkana wakatangulia tena kufunga. Jonas Mkude akasawazisha, Meddie Kagere akaongeza la pili, na mechi ikielekea ukingoni Clatous Chama, Mzambia mwenyewe, akaipeleka Simba hatua ya makundi kwa kisigino. Ushindi wa 3-1 uliozaliwa na mechi ya marudiano. Watu wazima, wenye mishahara na madaktari, wanapewa marudiano. Mtoto wa darasa la sita anaambiwa mpira hauna marudiano, kaza buti.

Sitaki kudanganya kwamba mechi ya pili ni dawa ya kila kitu. Aprili 2019 Serengeti Boys walifungua AFCON ya vijana chini ya miaka 17 nyumbani, Dar es Salaam, dhidi ya Nigeria. Wakafika mahali wanaongoza 4-2. Wakapoteza 5-4. Walikuwa na mechi mbili nyingine za kujirekebisha, wakafungwa 3-0 na Uganda, kisha 4-2 na Angola. Nafasi walipewa, haikuzaa. Bado nasema afadhali tuliziona zote tatu kuliko kuona moja tu, kwa sababu baada ya mechi tatu kocha anajua tatizo liko kwenye ulinzi, na baada ya moja anajua tu kwamba amefungwa.

Kuna wanaonijibu kwamba mtoano unakomaza. Kwamba maisha ya mpakani ni ya mtoano: ukichelewa kuvuka, mzigo wako umeoza. Naielewa hoja hiyo kwa sababu imetoka kwa watu wanaofanya kazi ngumu kweli. Ila hata hao hawaishi kwa mtoano. Mama anayevusha mchele kwenda Nakonde leo akapata hasara, kesho anarudi na mchele mwingine, amebadilisha mteja, amebadilisha njia, amejua afisa gani anakagua kwa makini. Angefungiwa mwaka mzima kwa sababu ya hasara ya siku moja, soko la Tunduma lingekuwa pori.

Hoja nyingine ni ya fedha, na hii ina uzito. Mkoa wetu, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ni mpana na barabara zake hazilingani. Huwezi kuitoa timu ya watoto Mkwajuni kila Jumamosi kwenda kucheza Itumba, milima ya Ileje, ukategemea irudi kabla ya Jumatatu. Kamsamba kule bonde la Ziwa Rukwa ni safari nyingine. Kwa hiyo sisemi iundwe ligi ya mkoa ya watoto. Nasema ligi za jirani. Mji wa Tunduma peke yake, kwa sensa ya 2022, una watu zaidi ya laki mbili, zaidi ya mara mbili ya waliohesabiwa miaka kumi kabla. Mji wa namna hiyo unatosha kuwa na ligi yake ya watoto wanaokwenda kucheza kwa miguu, bila nauli hata ya bodaboda. Vwawa na Mlowo wafanye yao. Itumba wafanye yao.

Gharama inayobaki ni mipira, chokaa, mwamuzi na mtu wa kushika daftari la matokeo. Ng'ombe mmoja wa zawadi, akiuzwa mnadani kabla hajachinjwa na mabingwa, analipa sehemu kubwa ya hayo. Najua diwani hatapigwa picha akikabidhi chokaa. Ndiyo maana tunapata ng'ombe.

Kigumu zaidi kuliko fedha ni ardhi. Tunduma ni mji wa malori. Tangu reli ya TAZARA ipite hapa miaka ya 1970 na barabara kuu ya kwenda Zambia kando yake, kila kipande tambarare kina mtu anayekitamani kwa maegesho, ghala au fremu za maduka. Kituo cha forodha cha pamoja, ambacho Marais Magufuli na Lungu walikizindua Oktoba 2019, kililenga kupunguza foleni, lakini biashara ikikua malori nayo hukua. Kiwanja cha watoto hakilipi ushuru wa maegesho, na mji unaoongezeka watu hauoni haya kukimega hatua kwa hatua, goli moja leo, kona moja mwakani. Halmashauri ikitaka kunipa kitu kimoja tu kati ya vyote ninavyoomba humu, inipe hati za viwanja vya shule za msingi, vipimwe, viwekewe mipaka, na atakayeegesha tela langoni mwa goli atozwe faini kama aliyeegesha katikati ya barabara.

Wasichana nawataja peke yao kwa sababu ligi ya jirani inawahusu zaidi kuliko kaka zao. Mvulana aliyetolewa kwenye kombe la mbuzi bado ana chandimu kila jioni, kwa hiyo kwa namna fulani ana mechi ya pili, ya tatu, ya mia. Msichana aliyetolewa kwenye UMITASHUMTA anarudi kwenye ndoo ya maji na meza ya nyanya ya mama yake. Jioni hana chandimu. Mechi iliyoandikwa kwenye ratiba ya shule ndiyo ruhusa pekee ya kutoka nyumbani ambayo baba hawezi kuibishia, kwa kuwa mwalimu ameisaini. Ukimpa moja kwa mwaka, umempa ruhusa moja kwa mwaka. Serengeti Girls hawakuokotwa barabarani. Wengi wa wachezaji wetu wa kike walipitia shule na vituo vilivyowapa mechi nyingi, na sioni kwa nini Songwe iendelee kusubiri Mwanza au Dar es Salaam ifanye kazi hiyo.

Soka ya wakubwa mkoani haijalala. Kimondo ya Mbozi, iliyobeba jina la kile kipande cha chuma cha angani kilichopo mlima Marengi, iliwahi kucheza Ligi Daraja la Kwanza, na Songwe United imecheza Championship, ngazi moja tu chini ya Ligi Kuu. Timu kama hizo zinahitaji vijana wa miaka 17 waliokwisha kucheza mechi za kutosha, waliowahi kufungwa tatu kabla ya mapumziko na kurudi. Kijana wa namna hiyo hapatikani kwa majaribio ya Jumamosi moja, makocha watatu wakiwa wamekaa kivulini na kalamu. Majaribio nayo ni mtoano. Aliyeanza vizuri dakika kumi anaandikwa jina, aliyeanza taratibu anaondoka na viatu begani, na hakuna atakayejua alikuwa nani.

Ratiba yenyewe si kazi ya mtaalamu. Shule sita za msingi zilizo karibu, kila moja ikicheza nyumbani na ugenini na kila mwenzake, zinapata mechi kumi kila moja. Jumamosi kumi. Zinaingia vizuri kwenye muhula mmoja na zinabakiza nafasi ya kuahirisha mvua ikinyesha, na Machi itanyesha. Vipindi viwili vya dakika 25, wachezaji wote waliokuja lazima waingie uwanjani, sare ibaki sare. Matokeo yabandikwe ubaoni kila Jumatatu asubuhi, shule zote sita, ili aliyefungwa juzi aone jina la anayecheza naye Jumamosi.